Ufalme wa Saruji na Wajinga wa Ossenthorpe

Jumatatu, 1 Oktoba 1973

Santuri zimefika. Dereva ameziacha mlangoni kwenye mvua bila hata kubisha. Makasha yamelowa chini. Hasira ya kwanza ya wiki, na sijanywa chai bado.

Jalada lakini limetoka vizuri. Mfalme Saruji amekaa juu ya winchi, taji kichwani, na tumbo ni la Diwani Cyril Hathersage hasa, hata mnyororo wa saa unaonekana. Mtoto anayenyonya angemtambua.

Niandike hapa wazi, ili baadaye mtu asiseme hakuambiwa. Diwani Hathersage anataka kuubomoa mtaa wetu wa Foundry wote, pamoja na nyumba nilimozaliwa, ajenge maghorofa. Wengine wamelalamika kwa kunung'unika baa. Mimi, Lionel Tapscott, mpiga kinanda, mwimbaji na mtunzi wa bendi ya Bundi wa Zebaki, nimetunga albamu ya roki ya santuri mbili yenye kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. Mfalme Saruji anaingia kwenye bonde la watu wema. Anawahonga mabomba ya maji ya moto, lifti na vyoo vya ndani. Wanamsujudia. Upande wa nne wanageuka matofali katika ukuta wake. Kejeli tupu. Diwani akiisikia atajifungia ndani hadi Krismasi.

Ina kasoro moja, nayo inaitwa Gareth Pugh. Pale watu wanapogeuka matofali ndipo penye maneno makali kuliko yote, na ni hapo hapo Gareth alipopiga gitaa juu ya sauti yangu kwa muda wa kutosha kupika kiazi. Nilimwambia apunguze. Akanijibu kwa ule upole wake unaoudhi kwamba gitaa linalia kwa niaba ya matofali.

Matofali hayana haja ya wakili.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimesoma uhakiki kwenye gazeti la mji. Eti albamu yetu ni "wimbo wa sifa kwa Ossenthorpe mpya, wenye moyo na matumaini." Matumaini! Watu wanageuka matofali!

Nikavaa koti nikaenda ofisini kwao. Mhakiki ni jamaa mwembamba mwenye mafua. Nikamweleza kwamba ile ni tashtiti, kwamba kila neno la sifa lina mwiba ndani. Akaniuliza mwiba uko wapi. Nikamwimbia palepale, katikati ya mashine za chapa, ubeti wa mabomba:

Bomba lafunguka, mvuke wapanda,
Mfalme katukumbuka, baridi kwaheri.

Mashine moja ikanyamaza. Halafu ya pili. Mwanamke mmoja pale nyuma akauliza kama kuna ubeti mwingine. Mhakiki akapenga kamasi, akasema mkewe huchemsha maji ya kuoga kwenye sufuria tangu waoane, na kwamba jana usiku walimpigia ubeti huo mama mkwe. Nikamwambia hajaelewa. Akasema amenielewa kabisa, na atasahihisha.

Alhamisi, 4 Oktoba

Amesahihisha. Kichwa cha habari: MTUNZI ATHIBITISHA, KILA NENO LATOKA MOYONI.

Nimelipiga teke beseni la makaa. Kidole gumba kimevimba.

Ijumaa, 5 Oktoba

Leo Diwani Hathersage amekuja nyumbani kwetu. Yeye mwenyewe, na mnyororo wa saa, na furushi la soseji kutoka buchani kwake. Baba akatoa vikombe vizuri, vile ambavyo havijatoka kabatini tangu mazishi ya mama. Nilitaka kuvivunja kimoja kimoja.

Diwani hakukasirika hata chembe. Alilishika jalada, akalicheka lile tumbo hadi akakohoa, akasema mkewe amelitundika sebuleni. Amewanunulia madiwani wenzake wote. Alilosikitika nalo ni moja tu, kwamba taji lake limechorwa dogo. Halafu akatualika tupige Jumamosi ya wiki ijayo hapa mtaani, siku ya kuanza ujenzi, mbele ya watu wote.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumfukuza. Ndipo wazo likanijia, kubwa na safi, nikafunga mdomo. Nikasema ndiyo, Mheshimiwa, kwa heshima kubwa. Nikala na soseji moja ili asishuku.

Soseji zilikuwa tamu. Hilo limenikera zaidi.

Jumatatu, 8 Oktoba

Mpango ni huu. Kama masikio yao yamekufa, nitawapiga machoni. Ninatengeneza kichwa kikubwa cha magazeti na gundi, kinafika mabegani. Sura ni ya Hathersage, pua ni ya nguruwe. Nitakivaa upande wa nne. Tena nimekwenda shamba moja nje ya mji na kinasa sauti, nikarekodi nguruwe wakigombania pumba. Sauti itapigwa kwenye spika watu wakigeuka matofali. Na Gareth akianza gitaa lake nitachomoa waya wake kwa mguu. Maneno yangu yatasimama peke yake, uchi, yakimulika kama taa.

Jioni tulifanya mazoezi kwetu. Hazel Crabtree, jirani yetu wa ukuta mmoja na mpiga filimbi wa bendi, alikitazama kile kichwa muda mrefu. Akauliza ni zawadi ya Diwani? Nikasema ni dharau. Akauliza kama Diwani anajua kuwa ni dharau. Nikasema atajua. Hazel akafuta filimbi yake taratibu, kisha akaniuliza kama nimewahi kumuuliza mama yake, Bi Ethel, anataka nini. Nikamwambia msanii hapigi kura.

Gareth naye akasema nguruwe wale wana mdundo mzuri, anaweza kuwafuatisha kwa gitaa.

Niliutazama tu waya wake, nikaupima kwa jicho.

Jumatano, 10 Oktoba

Siku mbaya. Naandika huku nimefunga mlango.

Nimeshuka asubuhi nikamkuta baba mezani amevaa miwani, anaweka sahihi karatasi za kukubali kuhama. Mkononi kalamu, kwenye gramafoni upande wa pili wa albamu yangu. Ubeti wa mabomba. Alikuwa anatikisa kichwa, macho yamelowa.

Nikainua sindano, santuri ikakwaruzika. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anahama, ghorofa ya nne, wamempa upande wa jua. Alisitasita tangu majira ya kuchipua, akasema, ila wimbo wangu ndio umemwamulia. Ni mara ya kwanza nimeandika kitu anachokielewa.

Hapo nikapasuka. Nikamwambia hajaelewa kitu. Nikamwambia ile ni dhihaka, baba, dhihaka! Ninawacheka watu wanaouza mtaa wao kwa bomba la maji moto. Wale wajinga wa bondeni ni nyinyi.

Akavua miwani. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha.

"Mama yako alibeba maji ya moto kwenye ngazi ile mpaka mgongo ukakataa," akasema. "Mimi usiku wa barafu natoka na magoti haya kwenda choo cha uani, nashika ukuta. Wewe umekaa, ukaandika maji yanatoka ukutani yenyewe, ya moto. Kwa hiyo hapo ndipo pa kucheka, mwanangu?"

Nikamwambia tatizo ni kwamba hajui kinaya. Nikamweleza kinaya ni nini, aina zake, na kwa nini muziki wa mapigo saba unakibeba vizuri kuliko wa mapigo manne. Nilieleza hadi chai ikapoa. Alinisikiliza yote. Kisha akamalizia sahihi yake, akairudisha sindano mwanzoni mwa ubeti.

Nimekasirika kiasi kwamba siwezi kula. Kumkasirikia baba ni kazi ngumu, hasa akiwa anaimba.

Ijumaa, 12 Oktoba

Kichwa kimekauka. Pua imeinama kidogo kwa unyevu lakini bado ni ya nguruwe. Kesho atakoma mtu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Sina pa kuanzia.

Mtaa mzima ulikuwapo. Bendera za karatasi madirishani, Bi Ethel Crabtree kiti cha mbele na kofia ya kanisani, baba kando yake. Hathersage jukwaani na koleo la fedha. Tulipiga vizuri, kusema kweli tulipiga ajabu. Mpiga ngoma hakupotea mahali popote. Upande wa pili watu waliimba nasi. Nilisaga meno nikangoja.

Upande wa nne. Nikavaa kichwa. Nilitarajia ukimya, kisha miguno, kisha ghadhabu ya umma. Yakaja makofi ambayo sijawahi kupata maishani. Nguruwe wakaanza kuguna kwenye spika na watu wakaangua kicheko cha furaha, kwa sababu, nimekuja kuambiwa, kila mtoto wa Ossenthorpe amekulia soseji za Hathersage na walidhani tunaitangaza bucha. Nilimwona Diwani kupitia tundu la pua. Alikuwa anapangusa machozi.

Bado nilikuwa na waya. Gareth akafumba macho, akarudi nyuma hatua, akaanza. Nikautafuta waya wake kwa mguu. Lakini ndani ya kichwa kile mtu haoni miguu yake. Nikavuta.

Kila kitu kikazima. Gitaa, kinanda changu, nguruwe, maikrofoni yangu. Nilikuwa nimeng'oa waya mkuu.

Kimya hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka wiki nzima. Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: ni kejeli, jamani, nawacheka, sikilizeni! Sauti ikabaki ndani ya magazeti na gundi, ikanirudia masikioni. Nikajaribu kukivua. Kilikuwa kimenasa kwenye kola.

Filimbi haihitaji umeme. Hazel alisubiri kidogo, kisha akaanza ubeti wa mabomba, polepole kuliko nilivyouandika. Bi Ethel akaingia kwa sauti nyembamba. Halafu baba. Baba hajaimba mbele za watu tangu mama afariki. Halafu mtaa wote, mlango hadi mlango, wazee na watoto, bila ala, bila hata neno moja kukosewa. Bomba lafunguka, mvuke wapanda. Watu wazima wameshikana mikono wanalia juu ya bomba. Mimi nimesimama katikati yao na pua ya nguruwe, nikipunga mikono waache, nao wakidhani nawaongoza wakaongeza sauti.

Ilibidi Gareth anikate kola kwa mkasi. Akaniambia kwamba kuzima umeme pale ndilo wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo, na kwamba amejifunza unyenyekevu.

Nilimpiga ngumi. Nilikosa, nikaipiga ngoma.

Jumapili, 14 Oktoba

Mkono umefungwa bandeji. Kichwa changu kiko kwenye dirisha la bucha ya Hathersage, kimezungushiwa soseji. Watu wanapiga picha nacho.

Baba ameanza kufunga vitu, na maghorofa yenyewe hayajapanda hata tofali moja. Alifika mlangoni kwangu akaniuliza kama nataka chumba chenye jua asubuhi au jioni. Nikamwambia siwezi kuishi ndani ya adui. Akasema haya, basi atanichagulia cha asubuhi, maana mimi ni mgumu kuamka. Akaniachia chai mlangoni.

Niliinywa baadaye. Ilikuwa imepoa, kama kila kitu katika mji huu usio na akili.

Jumatano, 17 Oktoba

Nimefanya tathmini kwa utulivu na nimegundua kosa liko wapi. Kosa ni la wasikilizaji. Maji ya moto watu wanayapenda, hilo sikulizingatia, na mimi ningewezaje kubashiri? Lazima nichague kitu ambacho hakuna binadamu anayeweza kukipenda.

Na leo kitu hicho kimeletwa mlangoni. Baraza la mji wa jirani lilisikia habari za Jumamosi. Wametuma bwana mmoja mwenye mwavuli kuniomba albamu nzima, kisa kimoja, kuhusu mtambo wao mpya wa maji taka. Wataufungua majira ya kuchipua na wanataka watu waupokee kwa upendo. Alikuwa na haya kidogo kuniomba. Maskini, hajui amemkaribisha nani! Nilikubali kabla hajakunja mwavuli.

Wimbo wa kwanza nimeshaumaliza jioni hii. Taka zote za mji zinashuka gizani, zinakutana, zinakuwa kitu kimoja, zinatoka upande wa pili zimetakata. Ni maneno makali kuliko yote niliyowahi kuandika. Niliimba kwa sauti kubwa mpaka ukuta ukagongwa. Alikuwa Hazel. Alisema mama yake ameketi kitandani analia, na anaomba niurudie, kisha nimpe nakala, kwa sababu binamu yao anaolewa mwezi ujao na hawajapata wimbo wa kumwingiza kanisani.

Nimempa. Tena nitaupiga mwenyewe. Bibi harusi akifika katikati ya kanisa ndipo watakapong'amua.