Ndugu Yangu Alivyomwaga Bahari

Wasee, leo nimevuliwa nguo mbele ya ukumbi mzima wa wakulima. Na nimekasirika mpaka masikio yanawaka.

Kazi yangu mnaijua: kuzunguka huku kwetu nikieleza watu mambo ya bahari. (Ndiyo, huku kwa mahindi. Msianze.) Wiki jana bosi wangu, Bi Mwanaisha, mwanasayansi wa Mombasa, alinitumia dumu la maji ya bahari, watu waguse, wanuse, waonje kidogo. Leo alikuwa anakuja kituo cha mafunzo ya wakulima cha Mabanga kunitazama, ndiyo aamue kama nitaongezewa mkataba.

Asubuhi, nyumbani Kitale, naingia stoo. Dumu limejaa maziwa.

"Wafula! Maji yangu iko wapi?"

Wafula ni kaka yangu. Alikuwa anapiga mswaki, hana habari. "Ile ya chumvi? Si nilimwaga. Ilikuwa imeharibika, bana."

Imeharibika! Bahari! Imesafiri kutoka Mombasa salama, ikamwagwa kwenye sukuma wiki! (Hiyo sukuma ikauke yote.)

Muda hakuna. Nikajaza chupa maji ya mfereji, nikamimina unga mweupe kutoka mkebe wa jikoni. Chumvi ni chumvi. Sikuonja. (Mjinga mimi.)

Mabanga nikaongea vizuri, haki ya Mungu. Watu wametulia, Bi Mwanaisha anaandika. Nikapitisha chupa. "Karibuni muonje bahari!"

Mama Nasimiyu, mkulima wa mstari wa mbele, akajimwagia tone kiganjani. Akalamba. Akalamba tena.

"Mwalimu, hii ni magadi."

"Hapana mama, ni bahari."

"Mimi napikia kunde na hii kila siku! Ati bahari inalainisha mboga?"

Ukumbi ukapasuka. Bi Mwanaisha akasimama, akaonja. Mzaliwa wa pwani! Akanikazia macho.

"Kijana, maji haya umeyateka bahari gani?"

"Ya... Kitale."

Hata mpishi alitoka jikoni kuja kucheka.

Bi Mwanaisha akachukua nafasi yangu, akaeleza chumvi ya bahari inatoka wapi. Walimuuliza maswali saa nzima! Mimi nimekaa nyuma kama mtoto aliyepewa adhabu. Mkataba? "Tutaongea Jumatatu." Alisema bila kuniangalia.

Sasa niko nyumbani. Wafula anauliza mbona nimenuna. Nikimjibu nitamrarua.

Atakayecheka hapa chini nam-block. Mama, hata wewe.