Ukuta wa Nyuma na Dirisha la Hester

Jumatatu, 3 Machi
Hester kajikata kidole tena akimenya viazi. Saa sita mchana! Jiko letu ni pango la giza. Amesema, bila kupandisha sauti (hapo ndipo pa kuogopa), kwamba Juni ikiisha bila dirisha kwenye ukuta wa nyuma, anahamia kwa dada yake Ipswich. Mbwa anaondoka naye. Nikamkumbusha kwamba nyumba imo kwenye orodha ya serikali ya majengo ya kale, na kwamba Bi Thirkettle, afisa wa halmashauri, alishatukatalia mwaka jana: ukuta wa kale hautobolewi. Hester akasema basi nikamwoe Bi Thirkettle.

Nimefikiri hadi chai ikapoa. Hautobolewi ukiwa wa kale. Na usipokuwa wa kale? Kila aliyeishi humu ameikoroga nyumba hii. Mwanzo ilikuwa fito na udongo. Akaja wa kupachika dohani katikati. Akaja mwenye makuu, akabandika matofali upande wa barabarani watu wadhani tajiri, nyuma akaacha udongo ule ule. Babu yangu akaongeza choo. Nani atajua ukuta upi ni wa nani? Bi Thirkettle anakuja Jumatatu ijayo kukagua paa. Atakuta ukuta wa juzi.

Jumanne, 4 Machi
Nimebandua lipu iliyolegea ili nipigilie mbao za jipsamu, ukuta uonekane mpya. Balaa! Ndani ya udongo, nguzo ndogo nne za mwaloni, zimesimama wima, nyeusi, ngumu. Ushahidi mtupu wa uzee. Nikazing'oa, nikazikata kwa msumeno, nikazitia kwenye jiko la kuni. Zimewaka vizuri mno. Hatujapata joto namna hii tangu Krismasi. Hester akauliza kuni nzuri hivi zimetoka wapi. Nikasema ukutani. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye viazi.

Jumatano, 5 Machi
Garrod wa jirani kanisimamisha kwenye ua wa miti. Huyu mlangoni kwake pamechongwa 1611, na mimi nashikilia kwamba kachonga mwenyewe. Akauliza, "Larter, jana ulikuwa unachoma mwaloni mkavu, bwana? Umekuwa mfalme lini?" Kisha, bila kuulizwa, akaanza kujisifu. Naye amefungua dirisha nyuma, kwa baraka za Bi Thirkettle! Dirisha jipya ni marufuku, ila la kale lililozibwa ruksa kulifungua. Yeye alimwonyesha tu nguzo ndogo za mwaloni zilizofukiwa ukutani. Enzi hizo, kabla ya vioo, dirisha lilikuwa ndilo hilo: uwazi wenye nguzo. Akamalizia: "Kwako hakuna kitu kama hicho, au?"

Nikasema nina kazi ndani.

Nimechekecha majivu. Nimepata msumari mmoja.

Jumamosi, 8 Machi
Hakuna kilichoharibika. Nimenunua mwaloni mpya, nikakata nguzo nne. Nimezipiga kwa mnyororo wa baiskeli zizeeke. Nimeziloweka kwenye bafu na vifuko arobaini vya majani ya chai. Hester kakosa kuoga. Anasema zinafanana na mbao mpya zilizopigwa mnyororo na kulowekwa chai. Hana jicho la kitaalamu.

Jumapili, 9 Machi
Nguzo zimo ukutani. Nimezipaka masizi na udongo kidogo. Nimerudi nyuma hatua tatu kuzitazama. Karibu nilie.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Thirkettle amekuja na ngazi yake. Paa hakulitazama hata kidogo. Nikampeleka jikoni, nikajifanya nimeshtuka: jamani, hebu tazama tulichokigundua! Akainama. Akanusa. Akasema, "Bwana Larter, nguzo zako za miaka mia nne zinanuka chai." Nikasema Waingereza wamekunywa chai siku nyingi. Hakucheka. Akapanda ngazi, akapitisha kidole kwenye boriti ya juu, kidole kikazama. Matundu manne, umbo la uru wa karata, kila moja tundu la nguzo ya kale. Nguzo zangu haziingii hata moja.

Akauliza za asili ziko wapi. Nikaanza kueleza habari za mchwa. Hester, pale kwenye sinki, akasema, "Kazichoma, mama. Jumanne. Tuliota moto vizuri sana."

Mbwa akatoka nje.

Bi Thirkettle akasema kuchoma kitu kama kile ni kosa la kushtakiwa, nami nitapata barua. Kisha akamgeukia Hester, si mimi. Matundu yanatosha, akasema. Dirisha lilikuwepo, linaweza kufunguliwa. Sharti moja: kazi aifanye fundi seremala anayejua majengo ya kale, na mwenye nyumba asishike chombo chochote, hata bisibisi.

Ijumaa, 27 Juni
Dirisha limefunguliwa siku tatu kabla ya Juni kuisha. Jua linafika mpaka mezani. Hester anamenya viazi na vidole vyake vyote vizima. Begi lake la Ipswich limerudi darini. Barua niliipata: onyo kali, kurasa mbili.

Baa nimewaeleza watu kwamba mpango wangu wote tangu mwanzo ulikuwa kumwongoza Bi Thirkettle kwenye matundu. Garrod kacheka hadi bia ikamtoka puani. Wivu.

Sasa Hester anataka bafu jipya ghorofani, na katikati kuna ukuta wa kale wa fito. Nimekaa, nimejichunguza kwa unyofu, nimeona nilipokosea. Nilichoma nguzo nikasahau matundu. Safari hii naanza na matundu. Nimeshanunua lipu, ndoo mbili.