Cheti cha Kuzaliwa cha Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitengo chetu cha hali ya hewa anastaafu mwezi ujao. Kiti chake ni changu, nani asiyejua! Kikwazo ni kimoja: Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, anayejifanya mpole. Vihisi vyetu ishirini hupima joto la mji mzima, lakini tangu wiki iliyopita utabiri wetu unachekwa hadi sokoni. Namba saba, cha makaburini, kila saa nne asubuhi kinasoma nyuzi hamsini na mbili. Wafu wanapika nini? Hapa kuna mkono wa mtu. Na mwenye mkono namjua.

Jumanne, 4 Machi
Nimependekeza kila kipimo kiwe na cheti cha kuzaliwa: kimetoka kihisi gani, kilichofungwa wapi, na nani. Mkuu amefurahi. Miwani akasema ni wazo zuri sana. Sana! Asiye na hatia hasemi "sana". Nimefunga droo yangu kwa ufunguo.

Jumatano, 5 Machi
Nimeomba Miwani mwenyewe afuatilie namba saba. Ajimalize. Akaniuliza taratibu kama nina uhakika. Nikamwambia afuate chanzo hadi mlangoni. Mchana amerudi na mkate wa moto mkononi, hanitazami usoni. Ameshikwa!

Alhamisi, 6 Machi
Kikao. Mkuu alisoma cheti kwa sauti. Namba saba hakijawahi kufika makaburini. Kiko uani kwa mama mkwe wangu, hatua mbili kutoka tanuri lake jipya la mikate. Aliyekifunga: mimi. Hapo nikakumbuka. Mwaka juzi nilifika kwenye geti la makaburi peke yangu, miguu ikagoma. Kwa mama mkwe palikuwa karibu. Ofisi nzima ilicheka hadi machozi. Kiti kapewa Miwani, na mimi kesho nikafunge namba saba panapostahili. Nimeumia, sifichi. Nyumbani mke wangu ananiambia mama yake anauliza yule bwana mwenye adabu atarudi lini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaza upya. Nani alimshauri mama mkwe ajenge tanuri pale pale? Na Miwani anapenda mkate! Nimefika getini na kihisi mkononi. Makaburini kimya mno. Kimya cha kupangwa. Nimekifunga ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha dobi. Nimekagua vizuri: hakuna tanuri, dobi ana pasi yake ya mkaa tu. Kwenye cheti nimeandika: makaburini.