Keremkerem wa Babu Yako

Jumatatu, tarehe 4 Februari

Kwanza nikuseme. Miezi saba! Umenifundisha kuandika, umeniachia daftari, ukasema Bibi uwe unaandika kila siku, halafu ukayeyuka kama chumvi. Mimi dawati sijawahi kulikalia hata siku moja, leo napigana na herufi uzeeni. Utayasoma haya ukija. Ukilia, shauri yako.

Babu yako hali mbaya. Vumbi la saruji la miaka arobaini ya uashi limemkaa kifuani, halitoki. Daktari kasema tusimsumbue. Maana yake naijua.

Analala dirishani, uso kwenye uwanda wa nyasi, ila macho hayafiki tena huko. Anachouliza ni kimoja: keremkerem wamerudi? Wale ndege wa kijani wenye koo la njano, wanaotoboa viota kwenye ukingo wa udongo kule mwisho wa uwanda. Kila kiangazi aliwahesabu. Nikasema nitakwenda kuwaangalia mimi. Akacheka mpaka akakohoa. Eti ndege ninayemjua mimi ni yule wa kwenye sufuria.

Jumatano, tarehe 6

Nimekwenda na wale watu wa kujitolea wanaohesabu ndege na wadudu wa uwandani. Anawaongoza mwalimu mstaafu, mwembamba kama panzi. Na jirani yangu fundi cherehani yumo, yule ninayemwita Macho Sindano. Mwanamke yule! Sijainua mguu, kashaona kipepeo. Sijageuza shingo, kaona mbawakawa watatu, na vunjajungu juu ya ua la zambarau. Kila akiona, ananitazama mimi.

Mimi niliona nzi. Mwalimu akasema nzi naye ni mdudu, tumwandike. Macho Sindano akacheka kwa pua.

Keremkerem hakuna. Ukingo wenyewe hakuna! Wafyatua matofali wameuchota wote, limebaki shimo.

Nyumbani nikamwambia babu yako nimemwona mmoja. Akanishika mkono. Akauliza alikuwa anafanya nini. Nikasema ametua kwenye kijiti, punje ya mtama mdomoni. Kisha akasema keremkerem anakula nyuki, mtama haugusi hata umlishe kwa kijiko.

Nikasema huyu alikuwa na njaa.

Ijumaa, tarehe 8

Macho Sindano kaja na supu. Kakaa juu ya kigoda changu, kamwambia babu yako pole shemeji, mwaka huu hawapo. Mdomo ule si angeushona kwa cherehani yake mwenyewe! Nikamkanyaga kidole. Akauliza kwa sauti, dada, mbona wanikanyaga?

Mpango wa pili. Nikamkamata jogoo mweupe, nikamchomoa unyoya wa mkia. Kanidonoa mara tatu, sikumwachia. Nikaupaka unyoya rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango. Nikampelekea haujakauka: haya, ushahidi huu hapa!

Akaupitisha kati ya vidole. Akaunusa. Akasema keremkerem huyu ananuka mlango wetu.

Hakunifokea. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu aliyenifokea miaka arobaini na minne kwa ajili ya mchuzi, leo ananyamaza na kiganja chake cha kijani. Baadaye akasema nimpeleke akaone mwenyewe.

Jumapili, tarehe 10

Nimemtandikia godoro kwenye toroli lake la uashi. Daktari na akatae huko huko aliko. Peke yangu sikuliweza, nikamwita Macho Sindano. Akashika mpini mmoja, mimi mmoja.

Njia nzima alimsomea uwanda: hapa shemeji kuna maua ya manjano, yamejaa mpaka kwenye kijia, hapa kereng'ende mwekundu, kakaa juu ya bua. Babu yako anatabasamu. Wivu ukanishika, sikufichi. Nikapaza sauti kwamba na mimi naona nzi.

Tulipokaribia shimo nikaingiwa na kiwewe. Nikavuta mpini wangu kwa nguvu ili tugeuze njia. Toroli likapinduka. Babu yako chini kwenye maua, uso kwa uso na shimo lenyewe!

Akalipapasa. Akaufikicha udongo kiganjani, uashi haumtoki mtu. Akasema udongo mzuri huu, matofali yake hayapasuki, hata yeye angeuchota. Akakaa. Kisha akasema amejenga nyumba nyingi kwa udongo kama huu, na hakuna siku aliyouliza nani alikuwa anakaa ndani yake.

Tukakaa naye palepale chini, wazee watatu. Nyuki wakapita juu yetu. Wengi. Wa kuwala hakuna.

Jumatano, tarehe 13

Amekwenda. Asubuhi, nikiwa namfuta uso.

Kabla ya hapo aliniomba nimsimulie tena yule wa mtama. Nikamsimulia, kijiti, punje, yote. Akasema kweli, huyo alikuwa na njaa. Hakusema tena.

Waliomwosha walitaka kumsugua ile rangi kwenye kucha. Nikawafukuza. Azikwe nayo.

Jumapili, tarehe 17

Nimekwenda kaburini kumsalimia. Nikamwambia wamerudi, saba! Macho Sindano alikuwa nyuma yangu, anang'oa magugu. Akasema dada, saba ni wengi, hata alipokuwa mgonjwa asingekubali.

Ana hoja. Tumekata shauri ni wawili.

Sasa nataka unyoya wa kumwekea pale kichwani, na safari hii uwe sawasawa. Jogoo akiniona anapanda paa. Nitampata tu.

Nawe ukija, nyumbani kwangu usianzie. Pita kwa babu yako kwanza, umwambie umewaona wawili kwenye kijiti, wanamgongagonga nyuki kabla ya kummeza. Mtama usiutaje kabisa. Na njoo na rangi ya njano, kopo dogo tu. Ya kijani ninayo, iliyopungua ni ya koo.