Tiketi Tatu za Pemba

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelala tena kwa Ronald wa kazini. Kochi lake lina springi inayonitafuta ubavu hata nikigeukia upande gani. Mama mkwe amekuja kutoka Bungoma na yuko kwangu, Buxton hapa Mombasa, kwenye kitanda changu. Mimi nimehama. Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Hata maneno hupitia kwa mke wangu Everlyne. Namwambia Everlyne, Everlyne anamwambia Mama, Mama anaujibu ukuta, Everlyne ananiletea jibu. Utaratibu mzuri. Mtu hawezi kugombana na mama mkwe wake kwa njia hii.

Shida ni Kioko, mwanyumba wangu, aliyemwoa Winnie, mdogo wake Everlyne. Kioko ni Mkamba aliyezaliwa Changamwe na anasema mila za kwao zilishukia Voi. Mama aliposhuka kwenye basi, Kioko alimkumbatia. Alimkumbatia! Mbele za watu! Nikatazama viatu vyangu kwa niaba ya ukoo mzima. Sasa yeye anaitwa "mwanangu Kioko". Mimi, baada ya miaka yote hii ya ndoa, naitwa "huyo wako". Mwambie huyo wako sukari imekwisha.

Nimeapa. Kabla Mama hajapanda basi la kurudi, ataniita Maxwell.

Jumanne, 5 Agosti

Wazo limekuja! Jana jioni Everlyne alimtembeza Mama Ginani, ufukweni mwa mlango wa bahari. Anasema Mama aliyatazama maji, kisha akauliza ng'ambo ile kuna nini. Ng'ambo ile ni Likoni. Lakini mimi nilielewa. Mama ana hamu ya kufika nchi za nje!

Kioko ametangaza kuwa atampeleka kuona mamba. Mamba! Mimi nitampeleka Pemba, kwa boti ya kasi, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Kuna kampuni inayofanya hivyo na chakula cha mchana kimo humo humo.

Everlyne akauliza kama Mama mwenyewe amesema anataka. Nikamwambia mtu haulizwi zawadi. Akanipa akiba yake, kwa sharti kwamba niende ofisini kwa wakala, nilipe pale, nipewe risiti na nisitie ujanja wowote. Halafu akanikumbusha mbuzi wa Pasaka. Si haki. Mbuzi yule alikuwa mzima nilipomnunua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa wakala. Nimesikia bei. Nimeomba maji ya kunywa.

Mchana, kazini kwetu Shimanzi, nikafungua tovuti ya kampuni ile ile kwenye simu. Kuna vibonyezo viwili. Kimoja: Ninaanzia Mombasa. Kingine: Ninaanzia Pemba. Cha pili ni karibu nusu bei! Nikamwonyesha Ronald, ambaye ni mtunza ghala wetu na mtu mwoga. Akasema huenda kuna sababu. Nikamwuliza sababu gani. Bahari ni moja, boti inakwenda na kurudi, viti ni vile vile. Ukianzia huku au ukianzia kule, si umekwenda na umerudi? Ronald akarudi kuhesabu magunia.

Nimelipa. Tiketi tatu, Jumamosi. Ujumbe umekuja kuwa malipo hayarudishwi. Nani anataka yarudishwe?

Kwa kilichobaki nimejinunulia kofia ya nahodha, nyeupe, yenye nanga ya dhahabu. Everlyne aliuliza imetoka wapi. Nikasema ni zawadi ya kampuni kwa wateja wa heshima.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya hati na sindano. Uhamiaji tumepanga foleni mpaka adhuhuri. Kisha sindano ya homa ya manjano. Mama na Everlyne benchi moja, mimi benchi la mbali, mgongo nimewapa, kama inavyotakiwa. Mama ameambiwa ni safari ya Pemba. Amejibu "Haya." Everlyne anasema ni "haya" ya kawaida. Mimi nimesikia furaha ndani yake.

Njiani Mama aliuliza zile pembe kubwa za barabarani, anazoziona kwenye kalenda, ziko upande gani. Nikapeleka jibu kwamba wiki hii hatuna nafasi ya pembe. Akauliza Ngome je. Nikasema na Ngome pia hapana. Mtu anakwenda ng'ambo, ngome ya nini?

Ijumaa, 8 Agosti

Mkono wa Mama umevimba. Kioko amemletea barafu. Mnafiki. Ameitwa mwanangu mara mbili kabla sijapata nafasi ya kuondoka mlangoni.

Nimejaribu kofia mbele ya kioo cha Ronald. Kesho!

Jumamosi, 9 Agosti

Tulifika bandarini kabla ya jua. Mimi mbele, kofia kichwani. Everlyne na Mama hatua kadhaa nyuma, Mama kavaa gauni la kanisani na amebeba mayai ya kuchemsha.

Karani akaziangalia tiketi. Akaniangalia mimi. Akaiangalia kofia. Akasema tiketi ni halali kabisa, ila ni za watu wanaotoka Pemba kuja kutembea Mombasa. Safari yetu ya kwanza ni ya kutoka Pemba. Nikamweleza habari ya bahari moja. Akasema ni kweli, bahari ni moja, ila nisimame pembeni abiria wapite.

Boti ikaondoka. Ilikuwa nzuri sana, yenye viti vya bluu.

Nikamwambia Everlyne amwambie Mama kuwa ile ilikuwa ya mizigo. Alinitazama kama alivyomtazama mbuzi. Nami nilijua macho yale yanasema nini: akiba yake, mkono wa mama yake, na mimi nimesimama hapo nimevaa nanga. Nilitamani saruji inimeze.

Halafu boti ya kutoka Pemba ikafika. Wageni wakatoka, na langoni kulikuwa na kijana anayeitwa Tsuma, mtembeza wageni, ameshika bango na majina. Majina yetu yalikuwemo! Matembezi ya mji na chakula Kibokoni, vyote tumelipia. Akatukaribisha, akatupa pole ya mawimbi.

Hapo akili ikanijia. Mama tangu afike hajaona chochote ila Buxton, maji ya Ginani, foleni na sindano. Atajuaje kuwa hii si Pemba? Kuna milango ya nakshi, vichochoro, kahawa. Nikajipanga karibu na Tsuma, na kila alipotaka kutaja Mombasa nikakohoa. Alitaja Mombasa mara nyingi mno. Bibi mmoja wa Pemba akanipa tangawizi. Mwingine, kwa ajili ya kofia, akaniuliza boti ya jioni inaondoka saa ngapi.

Tulizipita pembe za barabarani. Nikakohoa. Tuliingia Ngomeni. Nikakohoa mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Kibokoni tulikaa kwenye mkahawa, Mama meza ya ndani na Everlyne, mimi barazani peke yangu na pilau yangu. Na hapo, Kioko! Anauza vipuri vya magari, na mteja wake anakaa mtaa huo huo. Akaingia moja kwa moja, mikono imetanuka. Akasema kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Mama! Kumbe mpo hapa hapa mjini? Pemba imeahirishwa?"

Nikavua kofia.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha mayai. Akaugeukia ukuta, kwa heshima zote, nami nikasikia kila neno kutoka barazani. Alijua tangu langoni, alisema, maana hajawahi kuona mtu akifika safari bila kuondoka. Nchi za nje yeye hufika kila siku ya soko, huvuka mpakani Lwakhakha kununua ndizi Uganda. Boti anaiogopa, tangu Alhamisi amekuwa akiomba iharibike. Alichotaka maisha yake yote ni kuiona Mombasa, na wiki nzima hakuna aliyemuuliza.

Kisha akasema, "Everlyne, mwambie Maxwell nimefurahi."

Maxwell! Mbele ya Kioko! Nilitaka kumjibu, ila nilikuwa na pilau mdomoni. Nikaufanyia ukuta ishara ya heshima.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani Mama ametoa shukrani kwa matembezi mema. Kioko amekitazama kitabu cha nyimbo ibada nzima. Everlyne amenisamehe nusu. Nusu ya pili, anasema, itategemea nitakavyomkatia Mama tiketi ya basi. Niende dirishani, nilipe, nirudi.

Jumanne, 12 Agosti

Sikwenda dirishani. Kwenye tovuti ya basi, Mombasa kwenda Bungoma bei imepanda kwa sababu ya likizo. Lakini tiketi ya kwenda na kurudi ukianzia Bungoma iko chini kuliko hata ya kwenda tu! Nani angeiacha?

Kituoni karani, anayeitwa Beverly, ameniambia Mama afike kwanza Bungoma, ndipo aitumie kuja Mombasa, ndipo arudi. Nafasi nyingine hakuna mpaka shule zifunguliwe.

Mama hajakasirika. Amemwambia Everlyne amwambie Maxwell kuwa atakaa, maana Likoni bado hajaiona.

Ronald ameniuliza nitakuwa kwenye kochi lake mpaka lini, maana springi sasa imetoka nje kabisa. Nimemwambia atulie. Nimeona jingine mtandaoni, jipya, la ngozi, nusu bei. Nimeshalipia. Liko Pemba.