Kishungi cha Vreneli

Reto Capaul hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Reto alikuwa anapewa. Siku aliyomsikia mzee Bonadurer, wakili mstaafu wa mji wa Chur, akijisifu mkahawani kwamba anakusanya Vreneli, zile sarafu za kale za dhahabu, alijua riziki imemfuata mezani.

Vreneli ya kawaida imo katika droo ya kila nyumba. Ila zile chache za mwanzo zilimchora binti wa sarafuni na kishungi cha nywele kimemwangukia kwenye paji la uso. Wakubwa wakaona binti wa taifa anaonekana hana adabu, wakakiondoa, na tangu hapo wakusanyaji hukiota usiku kucha. Reto aliuza gari lake, mali pekee aliyokuwa nayo, akanunua Vreneli ya kawaida na kumlipa sonara ambandike binti kishungi.

Bonadurer aliitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka jasho likamtoka. Akasema atalipa Jumapili, baada ya ubatizo wa mjukuu wake Ladina. Reto aje nayo kanisani.

Akaja na suti ya kuazima. Mlangoni mzee aliomba kuiona tena, akaipokea, akaitia katika kiganja cha mtoto, kisha akawageukia jamaa.

"Jamani, bwana Capaul kamletea mtoto Vreneli yake."

Chur nzima inajua anayeleta Vreneli siku hiyo ni nani: baba wa ubatizo. Bibi wa mtoto akamkumbatia. Padri akamshika mkono hadi kwenye maji. Angesema nini, kwamba anamdai mtoto mchanga? Akaitikia kila alichoulizwa, hata kumkataa Shetani.

Kwenye chakula akamwinamia mzee. "Mzee, hela yangu."

"Zawadi nayo hulipwa?"

"Kishungi kile ni cha kubandika. Nitawaambia wote."

"Waambie. Mimi nilikiona siku ile ile." Mzee akamwongezea nyama. "Lakini dhahabu ni dhahabu, na baba wa ubatizo tulikuwa hatuna. Kila tuliyemwomba alikataa. Wanatujua, mwanangu. Zawadi kila Krismasi, kila siku ya kuzaliwa, mpaka kipaimara."

Reto alitaka kulia, akala. Chur ni mji wa kujuana: ukimkimbia mtoto wa ubatizo hakuna atakayekuamini tena, na asiyeaminiwa hawezi kumtapeli mtu.

Siku hizi anakata tikiti za gari la kamba la mlimani, kazi ya halali kabisa, na inamuuma sana. Ladina ameanza kusema. Anataka farasi.