Nimenyoa Mikia Yote

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano wa ghafla zizini. Maziwa yamepungua. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu na mwenye ng'ombe wote hawa, kasema amechoka kusikiliza watu, sasa atawasikiliza ng'ombe. Kamwita daktari wa mifugo aje apime msongo wao. Ikibainika nawatesa, navuliwa ukuu wa zizi la kukamulia. Mimi! Niliyeupata majuzi tu kwa juhudi zangu mwenyewe (na machozi ya mke wangu).

Nikauliza, kwa heshima, watadungwa sindano ngapi. Hakuna sindano. Zitakatwa nywele za mkia. Eti unywele wa ng'ombe hutunza kumbukumbu ya dhiki zake za miezi kadhaa! Bwana Taratibu, mkuu wa zizi kabla yangu, siku hizi mlezi wa ndama, alinitazama kama mtu aliyekwisha kuninyoa bila maji.

Jumanne, 4 Machi
Nimetafakari. Nikifoka zizini, ni kwa ajili ya nidhamu. Redio naifungulia sana kwa sababu ya taarifa ya habari. Lakini nywele zitaelewa?

Leo nimekuwa mpole kutwa. Nimewaita dada, mama, bibie. Yule mweusi tunayemwita Shangazi alinitolea macho mpaka weupe ukaonekana, akalaza masikio nyuma, akanipiga teke la paja. Mke wangu, akinikanda, alisema hata yeye nikimwita bibie hushtuka.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Ushahidi uko kwenye nywele, nywele ziko mkiani. Bila nywele hakuna kesi. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi leo nilikuwa na za zizi zima, kwenye gunia.

Wenzangu walipokwenda kula, niliwanyoa wote mikia kwa mashine. Mashine inanguruma kama pikipiki. Shangazi alivunja ndoo, kisha mlango. Wengine walipandiana migongoni. Sasa mikia imebaki kama mijeledi na nzi wanajipigia sherehe. Nikamwambia Shemeji ni usafi wa viwele. Akasema afadhali, angalau nimeanza kufikiria usafi wa kitu.

Gunia nimelichoma. Harufu ilifika mpaka jikoni. Mke wangu akauliza kama nimeunguza zile chache nilizobakiwa nazo.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari kaja. Binti mdogo, viatu vikubwa. Alipoiona mikia akapiga makofi! Akauliza nani kafanya kazi nzuri namna hii. Nikajitokeza haraka.

Akaeleza kwamba hata wao hunyoa kwanza, wakasubiri nywele mpya, ili ijulikane zimeota chini ya nani. Zile za zamani, akasema, zingeleta utata: nyingi ziliota enzi za mtangulizi wangu. Ningeweza kumbebesha nusu ya lawama! Hizi zinazochipua ni zangu peke yangu, toka shina mpaka ncha.

Bwana Taratibu alinishukuru mbele ya watu. Kaniita kaka.

Shemeji akataka kujua kama lazima asubiri nywele ziote. Daktari akasema hapana, kipo kinyesi. Kinyesi cha leo husimulia dhiki ya jana.

Ya jana!

Jumatatu, 10 Machi
Majibu ya maabara yametoka. Daktari kasema hajawahi kuona kiwango kama hiki, hata kwa ng'ombe waliosafirishwa kwa lori. Akauliza kwa upole kama siku ile zizi liliungua.

Shemeji hakufoka. Huwa hafoki, ndiyo maana simwamini. Ukuu umerudi kwa Bwana Taratibu. Mimi nazoa samadi, mazizi yote. Mke wangu safari hii hakulia. Alinitafutia koleo.

Jioni nilichungulia zizini. Kimya. Wote wamelala wakicheua, Shangazi masikio yamemlegea, macho nusu yamefumba. Sijapata kumwona hivyo. Nilisimama pale kitambo.

Uvivu mtupu.

Jumanne, 11 Machi
Nimezoa kutwa. Mgongo hauna habari nami. Lakini akili inafanya kazi! Daktari atarudi kuchota kinyesi cha ng'ombe wa Bwana Taratibu. Na kinyesi kinapita kwenye koleo la nani? Langu! Shemeji, bila kujua, kanikabidhi ushahidi wote wa shamba.

Kinachohitajika ni ng'ombe mmoja tu mwenye dhiki, kinyesi chake nikigawe mazizi yote kabla daktari hajachota. Nimeshamchagua. Kesho naanza naye asubuhi.